Kadi za msamiati wa makoloni ya Amerika: tarehe safi, maelezo haba

Seti hii ya kadi inamlenga mwanafunzi wa historia ya Marekani, kuanzia Mkataba wa Tordesillas wa 1494, uliogawa nchi mpya kati ya Hispania na Ureno, hadi uasi wa mlowezi Nathaniel Bacon huko Virginia wa 1676. Tarehe zake hazina dosari: Jamestown 1607, Quebec 1608, baraza la wawakilishi wa Virginia 1619. Kasoro iko upande wa nyuma wa kadi, ambako kila istilahi imepewa sentensi moja tu.

Iliyoharibika zaidi ni encomienda, inayoelezwa kuwa "ardhi aliyopewa Mhispania". Hapana. Mhispania alipewa haki ya kudai kodi na kazi kwa wenyeji wa eneo fulani, ardhi haikuwamo. Shamba kubwa ni hacienda, nayo haina kadi kabisa. Ukichanganya hizi mbili, Sheria Mpya za Hispania za 1542 hazitakuingia akilini. Mfalme alitaka haki ile ife na mwenye nayo, isirithiwe. Walowezi wa Peru wakaasi wakiongozwa na Gonzalo Pizarro, na mwaka 1545 kipengele hicho kikafutwa.

Kadi ya ekari 50 za Virginia, utaratibu wa 1618, inadai kwamba kila mhamiaji alizipata. Aliyezipata ni mlipa nauli. Mkulima wa tumbaku akiwalipia nauli watumishi 10 wa mkataba, ekari 500 ni zake, nao wanamfanyia kazi kwa kawaida miaka 4 hadi 7. Kadi isiyotaja nani alilipa haielezi kwa nini ardhi ilirundikana mikononi mwa wachache.

Kuhusu utumwa, seti inawataja Waafrika waliofikishwa Point Comfort, Virginia, mwaka 1619, kisha kimya hadi 1676. Sheria ya Virginia ya 1662, iliyoamua kwamba mtoto hufuata hadhi ya mama yake, haimo. Ongeza kadi yake mwenyewe, maana ndiyo iliyofanya utumwa urithiwe kisheria.

Mahujaji na Wapuritani wamebanwa kadi moja. Watenganishe: Mahujaji, walowezi wa Plymouth, 1620, walikwisha kujitoa katika Kanisa la Uingereza, Wapuritani wa Massachusetts Bay, 1630, walitaka kulisafisha bila kujitenga nalo. Na pale Virginia inapoitwa koloni la kifalme, andika 1624 pembeni. Kabla ya hapo ilikuwa mikononi mwa kampuni ya hisa.

Kadi ya sheria za usafiri wa baharini ni nzuri kweli. Inataja tumbaku na sukari, bidhaa ambazo tangu 1660 ziliruhusiwa kupelekwa Uingereza au makoloni yake tu, na kwa mfano huo sera nzima ya biashara inaeleweka.

Chukua toleo la programu, linaloruhusu kuhariri. Kwenye lile la kuchapishwa maandishi ya nyuma yamejaa hadi ukingoni, na kalamu haina pa kupita.