Prime95: kipimo kikali cha prosesa iliyoongezwa kasi
Kwa kompyuta inayozima ghafla baada ya prosesa kuongezwa kasi, programu hii ya bure inafichua tatizo mapema. Ila ni kali mno: fungua kipima joto kando, na joto likipita nyuzi 90 isimamishe programu. Anza na Small FFTs, jaribio linalobana prosesa yenyewe, kwa dakika 30. Kiini (core) kimoja cha prosesa kikiacha kazi kwa kosa huku joto liko chini, mara nyingi volti hazitoshi, ongeza volti 0.01, au shusha kizidishi (multiplier, namba inayopanga kasi ya prosesa) hatua moja. Kosa likitokea tu kwenye Blend, jaribio linalobana RAM pia, shuku RAM, zima XMP (mpangilio unaoongeza kasi ya RAM) kwanza.

Baridi ya Juni hapa Mbeya inadanganya! Mashine iliyofaulu Uyole inaweza kugoma ikishushwa Kyela kwenye joto la Ziwa Nyasa. Ipime upya huko huko.