Magongo ya alumini ya kwapani: miezi minne nayo hapa Uyole

Magongo haya niliyanunua kwa shilingi 48,000 kwenye duka moja la vifaa tiba Mwanjelwa, mwezi wa tatu, siku ya tano baada ya bodaboda niliyopanda kuteleza kwenye tope na kunilalia mguu wa kulia. Muundi ulivunjika. Nimeyatumia usiku na mchana kwa miezi minne: ndani, uani, chooni, kwenye daladala na kwenye mteremko wa kwetu. Nawaandikia wanaotafuta kununua, kwa sababu nilipotafuta mimi sikupata mtu wa huku Mbeya aliyeeleza magongo yanakuwaje kwenye ua wa udongo na choo cha kuchuchumaa.

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka 19 kazi yangu ni kumpima mtu kabla sijagusa kitambaa chake. Lakini siku ile dukani nilikuwa na maumivu, hogo la plasta limefika hadi pajani, nimesimama kwa mguu mmoja nimemshika binti yangu bega, na sikudai kupimwa. Muuzaji aliniangalia kutoka nyuma ya kaunta, akashusha jozi iliyokuwa juu ya rafu, akasema, "Hii itakufaa mama, ni saizi ya kati." Akaandika risiti. Hakuzunguka kaunta, hakugusa hata nati moja. Tukaondoka.

Magongo yalikuwa marefu. Kichwa cha gongo kilinigusa kwapani hata nikisimama wima, na vishikio vilikuwa juu mno, viwiko vimekunjwa kama mtu aliyebeba sinia. Nikawa naning'inia. Uzito wote nauweka kwapani, nikiamini ndiyo maana yanaitwa ya kwapani na ndiyo maana pale juu pamewekwa sponji. Wiki ya pili vidole vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi. Wiki ya tatu nilichukua mkasi nikate uzi wa kifungo, kidole gumba hakina nguvu ya kuufungua. Nililia siku hiyo kuliko siku niliyovunjika. Mguu ulikuwa umefungwa, unapona wenyewe, lakini mkono ndio unaolipa ada ya mtoto.

Aliyeniokoa ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mdogo kwangu kiumri, nilipokwenda kliniki. Alinitazama nikiingia mlangoni tu, akaniuliza, "Mama, vidole vinawasha?" Akanieleza kuwa kuna mshipa wa fahamu unaopita kwapani kwenda mkononi, na gongo likiubana kila siku dhidi ya mfupa, mkono hulegea, kunyanyua kiganja na kufungua kidole gumba ndiyo mambo yanayopotea mapema. Kisha akanisimamisha ukutani nikiwa nimevaa kiatu kwenye mguu mzima, akanipima kama ninavyompima mteja wa gauni. Vidole viwili hadi vitatu vipite kati ya kwapa na kichwa cha gongo. Kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono, mkono ukiwa umening'inia, ili ukishika kiwiko kikunjike kidogo tu. Ncha ya gongo ikae kama inchi 6 pembeni ya vidole vya mguu. Akashusha miguu ya magongo matundu mawili, vishikio tundu moja. Uzito, akasema, unabebwa na viganja. Pale juu unapabana na mbavu basi, hupaegemei.

Nilitembea kutoka pale hadi kituo cha daladala nikajiona mtu mwingine. Ganzi ilichukua karibu wiki sita kuisha kabisa. Kwa hiyo mnaosoma hapa, hata kama hamtasoma mengine yote, msilipe kabla hamjapimwa mkiwa mmevaa viatu mtakavyotembelea. Muuzaji akikataa kuyarekebisha, yarekebishe mwenyewe mbele yake.

Sifa kubwa ya magongo haya ni hiyo, kwamba yanapimika. Mguu wa chini una matundu kila baada ya inchi moja, na vitufe viwili vya springi vinavyochomoza. Unavibonyeza kwa vidole gumba, unavuta au unasukuma hadi visikike vikikaa. Vishikio vimefungwa kwa bolti na nati yenye masikio mawili. Mjomba alikuwa ameniletea magongo yake ya mbao, ya msindano wa Mufindi, kazi safi ya seremala, yamepigwa msasa mpaka yanang'aa. Ila yalichongwa kwa urefu wake, na mjomba ni mrefu kunizidi karibu futi moja. Kuyakata angeyapoteza. Nilimrudishia kwa shukrani. Haya ya alumini jozi nzima haifiki kilo mbili, nimeyapima dukani kwa jirani, na kwa mtu anayeruka kwa mguu mmoja kutoka kitandani hadi jikoni mara ishirini kwa siku, wepesi huo unauhisi mabegani jioni.

Zile nati za vishikio, lakini, zinalegea. Wiki ya tano moja ilidondoka kwenye majani uani, kishikio kikazunguka nikiwa katikati ya hatua, nikashika kamba ya kuanikia nguo. Tangu hapo kila Jumapili nilizikaza kwa koleo ndogo ya cherehani. Ukiyanunua, zoea kuzigusa zile nati kila asubuhi kabla hujasimama.

Kosa la pili ni baridi. Wanaokaa Uyole wanajua Juni na Julai alfajiri inavyokuwa, ukungu umelala juu ya viazi na mtu anatoka nje amejifunga blanketi. Vile vishikio ni mpira mgumu mwembamba, na alumini iliyo chini yake inaganda usiku kucha. Niliamka saa kumi na moja kwenda chooni, viganja vikawa vinauma kama nimeshika chuma cha birika lililolala nje. Nikakata mkono wa sweta la mtumba, nikaweka sponji ndani, nikashonea vifuniko vyenye kamba ya kukazia. Pale juu nikafunika kwa kodrai, kwa sababu ile sponji yao ilianza kumeguka mwezi wa pili wa kuyatumia. Vifuniko vinavuliwa, vinafuliwa. Huo ndio ushauri wangu kwa watengenezaji, kama kuna anayesoma: kitu kinachoshikwa na mkono wenye jasho siku nzima kinatakiwa kivuliwe kifuliwe.

Sasa niseme kuhusu mpira wa chini, maana hapo ndipo maisha yako yanaposimama.

Ule mpira wa kiwandani ni laini na una miduara midogo chini. Kwenye sakafu kavu ya saruji unashika vizuri sana. Kwenye ua wetu, ambao ni udongo mwekundu wenye changarawe, ulikwisha katika wiki saba. Miduara ikafutika, ncha ikawa laini kama sabuni iliyotumika. Mvua za Aprili zilikuwa hazijakata. Niliteleza mara mbili siku moja, mara ya pili mguu wenye hogo ukagusa chini kwa nguvu, nikarudishwa hospitali kupigwa picha nyingine. Mfupa haukuwa umehama, namshukuru Mungu. Nilirudi kwenye duka lile kuuliza mpira wa akiba nikaambiwa hawauzi mpira peke yake, ninunue jozi nyingine.

Nikaenda kwa fundi viatu sokoni Uyole, mzee anayetengeneza katambuga. Aligeuza gongo, akapapasa ncha, akaniuliza, "Unatembea wapi zaidi, mwanangu, ndani au nje?" Nikasema nje. Akakata vipande viwili vya tairi, vya sehemu yenye meno, akavifunga chini ya mpira wa zamani kwa gundi na misumari mifupi aliyoiingiza kutoka pembeni ili isitokeze. Shilingi 3,000 kwa yote mawili. Tairi lile limenishikilia kwenye tope lote lililobaki na bado lipo. Hasara yake ni mistari myeusi kwenye sakafu ya ndani, ambayo binti yangu anaisugua kila Jumamosi, na ugumu: kila hatua inagonga hadi bega. Lakini kwa mtu wa uswahilini kwetu, chagua tairi.

Kuhusu choo nitasema wazi, kwa sababu wengi wanaona haya kuuliza na wanaishia kujinyima maji ya kunywa ili wasiende mara kwa mara. Mimi nilifanya hivyo wiki ya kwanza, nikapata choo kigumu kilichonitesa kuliko mguu. Choo chetu kiko uani, hatua kumi na mbili kutoka mlango wa jikoni, cha kuchuchumaa, upana wake futi tatu. Mwenye hogo hadi pajani hawezi kuchuchumaa hata kwa dua. Na magongo mawili hayaingii pamoja na mtu. Magongo haya, kwa uzuri wake wote, yanakuacha mlangoni.

Kilichonisaidia ni kiti alichonitengenezea seremala wa mtaani kwa shilingi 25,000: miguu minne iliyotanuka, urefu inchi 18, mikono miwili ya kusukumia unapoinuka, na katikati wazi, kinakaa juu ya tundu. Akapigilia na ubao wa kushika ukutani. Niliacha gongo moja nje, nikaingia na moja, mkono mwingine ubaoni. Mlangoni tuliweka tambara kavu, kwa sababu mpira ukitoka kwenye unyevu ukakanyaga saruji unateleza hata ukiwa mpya. Ukiwa na bajeti ya magongo, tenga na ya kiti hicho siku hiyohiyo. Usiku nilitumia ndoo chumbani, na mama ndiye aliyeimwaga.

Mama alikuja kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi na maziwa mgando, akasema anakaa siku tatu, akakaa wiki sita. Alikuwa akinichotea maji ya kuoga, ananifunga hogo kwa plastiki ya godoro jipya la jirani, maana mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Nilikuwa naona aibu. Asubuhi moja aliniona nikijaribu kuificha ile ndoo, akaichukua mkononi mwangu. "Mwanangu, nani alikubeba wewe?" Sikuwa na jibu, nikasema "Ndaga, mama," yaani asante kwa Kinyakyusa, naye akatoka nayo.

Jambo ambalo hakuna dukani atakayekuambia: ukiwa na magongo mawili huna mikono. Huwezi kubeba kikombe cha chai. Huwezi kubeba sahani, simu, kopo la maji, wala kufunga mlango ukiwa unapita. Wiki za mwanzo nilikula jikoni nimesimama kwa sababu sikuweza kupeleka chakula mezani. Nikajishonea mfuko wa jinzi unaovuka kifuani, wenye mifuko mitatu: mmoja wa chupa ndogo ya chai yenye kifuniko kinachokaza, mmoja wa simu, mmoja wa mkasi na nyuzi. Huo mfuko na magongo ni kitu kimoja, siwezi kusifia kimoja nikaacha kingine. Nikawa naweza kwenda barazani mwenyewe, nakaa na mguu juu ya kigoda na mto, napiga vifungo na kupinda sketi za wateja kwa mkono. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, mguu mrefu ulionyooka haupiti chini ya meza yake.

Kwenye ngazi yanafanya kazi vizuri ukijua mpangilio: kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza magongo na mguu mbovu. Kwenye daladala mpe konda magongo, kaa kwanza, halafu yadai. Makonda wa njia ya Mwanjelwa wamenitendea wema ambao sikuutarajia.

Wiki ya nane hogo lilikatwa likafungwa fupi chini ya goti, nikaruhusiwa kukanyagia kilo 20 tu. Kilo 20 zikoje mguuni? Yule dada wa mazoezi alinielekeza nikanyage mizani ya kupimia watu, nilisukumia mguu polepole hadi mshale ufike ishirini, mara kumi, mpaka mguu ukumbuke. Hapo uimara wa magongo haya niliuona tena, maana unagawa uzito kidogokidogo na hayayumbi wala kupinda. Mimi ni kilo 81.

Ningeyanunua tena kwa bei ileile, ila kwingine, na ningebeba futi yangu ya kupimia.

Hogo lilitoka mwezi uliopita. Natembelea fimbo moja, na tangu Jumatatu nakanyaga cherehani nusu saa asubuhi, nusu saa jioni. Jana kijana wa nyumba ya tatu, aliyevunjika kifundo mpirani, aliletwa mgongoni na kaka yake. "Shikamoo mama, tumekuja kuazima yale magongo." Nikamwambia kaka yake amsimamishe ukutani, amvalishe kiatu kwenye mguu mzima, nikaenda kuchukua futi. Yeye ni matundu matatu juu yangu.