Seti ya Mvinyo wa Matunda wa Nyumbani: Haidromita Nzuri, Maelekezo ya Nchi za Baridi

Mwezi Januari nilinunua katika duka moja la vifaa vya jikoni Kariakoo, Dar es Salaam, seti ya kutengenezea mvinyo wa matunda nyumbani kwa shilingi 185,000. Ndani ya boksi mlikuwa na ndoo ya plastiki yenye kifuniko kilichotobolewa, kidude cha kuzuia hewa kinachochomekwa katika tundu hilo na kutiwa maji ili gesi itoke bila hewa kuingia, haidromita ya kioo pamoja na chombo chake chembamba cha kupimia, mpira wa kuhamishia mvinyo, vidonge vya salfaiti vya kuulia vimelea, pakiti mbili za hamira ya mvinyo aina ya Lalvin EC-1118, vizibo 30 vya koki na kijitabu cha maelekezo. Tangu wakati huo nimetengeneza mvinyo mara tatu, mara moja wa rozela na mara mbili wa mananasi, na kila kifaa kilichomo nimekitumia kiasi cha kuweza kukisemea. Kwa kifupi, vitu viwili tu vinastahili fedha niliyolipa, navyo ni vile vidogo kuliko vyote: haidromita na hamira.

Sisi ambao tumekua karibu na pombe za kienyeji tunajua kwamba kitu kitamu kikiachwa hugeuka chenyewe. Mnazi hugemwa asubuhi ukiwa mtamu na jioni huwa umekwisha kuwa mkali, na ulanzi wa Iringa hali kadhalika. Pombe hizo hunywewa mapema, na atakayezichelewesha hulaumiwa mwenyewe. Mvinyo una haja tofauti, kwa sababu unakusudiwa kukaa miezi kadhaa bila kuharibika, na hapo ndipo kukisia kwa jicho na ulimi kunapokoma kufaa.

Haidromita ni kijiti cha kioo kinachoelea. Juisi ikiwa na sukari nyingi huwa nzito, kijiti huelea juu. Sukari ikiliwa na hamira na kugeuka kileo, juisi huwa nyepesi na kijiti huzama. Maji matupu husoma 1.000. Mvinyo wangu wa kwanza wa mananasi ulianza kwa 1.088 na ukaishia 0.996, na tofauti hiyo ikizidishwa kwa 131 hutoa kileo cha takriban asilimia 12. Kabla ya kuwa na kifaa hiki nilikuwa nikiongeza sukari kwa vikombe na kuomba heri. Sasa najua kwamba gramu 17 hadi 18 za sukari katika lita moja huzaa kama asilimia moja ya kileo, na kwamba kilo 4 za nyama ya nanasi pamoja na kilo 1.8 za sukari, zikijazwa maji hadi kufikia lita 10, zinatosha kabisa. Mananasi hayo yalikuwa ya Kiwangwa, yaliyoiva hadi kunukia, na tunda la namna hiyo huja na sukari yake ambayo haifai kusahauliwa katika hesabu.

Hata hivyo, kijitabu hakisemi kwa msisitizo unaostahili kwamba haidromita hii imepimwa kwa nyuzijoto 20, kiwango ambacho jikoni kwangu hakijapata kuonekana. Katika nyuzi 30 usomaji hupungua kwa alama mbili hadi tatu za mwisho, yaani juisi inayosoma 1.085 kwa kweli inakaribia 1.088. Kwa mnywaji kosa hilo ni dogo, lakini anayeweka kumbukumbu za kila ndoo ataona namba zake zikikataa kukubaliana na asijue sababu.

Kuhusu hamira, nilifanya jaribio la makusudi. Ndoo ya pili ya mananasi niliitia hamira ya mkate, ile ya kawaida ya dukani, nikiacha kila kitu kingine kama kilivyokuwa. Ilianza kwa kishindo, povu likafika kwenye kifuniko kabla ya muda wa saa kumi na mbili kupita, kisha ikachoka mapema na kusimama kwenye 1.018. Kilichobaki ni kinywaji kitamu, chenye ukungu, kinachonuka mkate mbichi, kikiwa na kileo cha takriban asilimia 9. Hamira ya mvinyo ilianza kwa utulivu, ikaendelea kwa siku kumi na moja, ikala sukari yote, na ilipomaliza ikajikusanya chini kama tope jeupe lililoshikamana, hata kuhamisha mvinyo juu yake kukawa kazi nyepesi. Aina hii huweza kustahimili kileo hadi asilimia 18, na pakiti moja ya gramu 5 hutosheleza zaidi ya lita 20, kwa hiyo pakiti mbili za seti hii si haba.

Kasoro kubwa ni maelekezo. Yameandikwa kwa Kiingereza na Kijerumani, nayo yanamshauri msomaji aiweke ndoo mahali penye joto, ikiwezekana karibu na kifaa cha kupashia nyumba joto. Niliisoma sentensi hiyo mwezi Februari, nikiwa nimevaa singlendi, huku kipimajoto ukutani kikionyesha nyuzi 33. Hamira hiyo hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 10 na 30, na uchachukaji wenyewe huongeza joto ndani ya ndoo, basi anayefuata kijitabu neno kwa neno akiwa Dar es Salaam, Mombasa au Tanga atapata mvinyo wenye ukali unaochoma koo na harufu inayokaribia ya rangi ya kucha. Suluhisho nililolipata halikuhitaji umeme: ndoo ndani ya beseni la maji, taulo la zamani limeviringishwa kiunoni mwake na ncha zake zimeachwa majini, na dirisha wazi upepo upite. Maji yanayokauka katika kitambaa huchukua joto, kama mtungi ulivyokuwa ukipoza maji ya kunywa, na ndoo ilishuka hadi nyuzi 27 na 28 muda wote. Msomaji wa Arusha, Njombe au Limuru hatahitaji shida hii, na pengine kijitabu kitamfaa kilivyo.

Kifuniko nacho kilinigharimu ndoo nzima ya rozela. Nilikuwa nimemimina maji yanayochemka juu ya rozela kavu, nikaacha zipoe, nikatia sukari na hamira, yote kwa utaratibu. Kidude cha kuzuia hewa hakikutoa hata kipovu kimoja, nikadhani hamira imekufa. Kumbe hewa ilikuwa ikitokea pembeni, kwa sababu kifuniko hakikubani upande mmoja, na palipo na njia ya hewa kutoka pana njia ya nzi wadogo wa matunda kuingia. Nzi hao hubeba bakteria wanaogeuza kileo kuwa siki. Baada ya wiki tano nilikuwa na lita 9 za siki nyekundu nzuri sana, ambayo majirani bado wanaitumia katika kachumbari, lakini sikulipa shilingi 185,000 kwa ajili ya kachumbari. Duka lilikataa kubadilisha kifuniko kwa hoja kwamba seti ilikuwa imekwisha kutumika. Ndoo zilizofuata niliziziba ukingoni kwa utepe mpana wa plastiki na hazikunisumbua tena. Kile kidude cha kuzuia hewa chenyewe hakina dosari, ila maji yake hukauka haraka kwa joto letu na lazima yatazamwe kila siku. Mimi huweka pombe kali ya Konyagi badala ya maji, ili nzi atakayeingia asifike mbali.

Vizibo vya koki ni fumbo. Vipo 30, vya ubora wa kuridhisha, lakini kifaa cha kuvishindilia katika shingo ya chupa hakimo, na kwa mkono haviingii. Nilijaribu kwa mchi nikavunja chupa mbili. Hatimaye nilitumia chupa za kioo zenye vifuniko vya kuzungusha, nilizozichemsha kwanza. Kwa njia yoyote ile, mvinyo usifungwe kabla haidromita haijatoa usomaji uleule mara mbili zilizopishana kwa siku tatu, kwani sukari ikibaki na hamira ikiwa hai, gesi hujikusanya ndani na chupa hupasuka kabatini. Kijitabu kinalitaja jambo hili kwa mstari mmoja tu, katika ukurasa wa mwisho.

Vidonge vya salfaiti vinafanya kazi yake: kimoja kwa kila lita 4.5, saa 24 kabla ya kutia hamira, ili kuua vimelea vya porini vilivyokuja na ganda la tunda. Wenye pumu wajihadhari, kwa kuwa baadhi yao huathirika na salfaiti.

Mvinyo wa mananasi niliuonja ukiwa na miezi mitatu. Una rangi ya majani makavu, ni mkavu kabisa ulimini, na harufu ya nanasi imebaki kama ya tunda lililokatwa chumba cha pili. Wageni wawili waliozoea mvinyo mtamu waliomba sukari, wa tatu akaomba chupa aende nayo. Kuuza sijafikiria, maana hilo lina leseni yake na masharti ya TBS, shirika la viwango, na seti hii ya ndoo moja haikukusudiwa biashara.

Nilirudi dukani mwezi Mei kutaka haidromita ya pili na hamira peke yake, kwa kuwa ndoo, mpira na chupa vinapatikana soko lolote kwa sehemu ndogo ya bei ile. Muuzaji alinijibu kwa upole kwamba haviuzwi nje ya boksi. Hamira nimekwisha kuiagiza kwa rafiki yangu mmoja anayekuja na ndege mwezi ujao. Haidromita bado ninayo ileile, na siku ya kuiosha watoto hawaruhusiwi jikoni.