Azimio la Arusha: pa kuanzia kulisoma, na mahali linapopwaya

Anayetaka kumwelewa Mwalimu Nyerere asianze na wasifu wake. Aanze na kijitabu cha Azimio la Arusha, kilichopitishwa na Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara wakati huo, mwishoni mwa Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari. Ni kifupi, kinamalizika kwa kikao kimoja. Kisomwe kwa Kiswahili, maana ndivyo kilivyoandikwa. Katika tafsiri ya Kiingereza hoja zimebaki, ila sauti ya mtu anayesema na wakulima imefifia.

Sehemu ni tano: Imani ya TANU, Siasa ya Ujamaa, Siasa ya Kujitegemea, Uanachama, kisha Azimio lenyewe. Wasomaji wengi huishia njiani kwa sababu sehemu mbili za mwanzo zimejaa orodha. Ya pili, kwa mfano, inataja njia kuu za uchumi moja baada ya nyingine: ardhi, misitu, madini, mabenki, bima, simenti, mbolea, na kuendelea. Ziruke kwanza, ufungue ya tatu.

Hapo ndipo penye uhondo. Mwalimu anamkamata msomaji mkono na kumfuatisha mkopo hatua kwa hatua. Nchi inakopa nje ili ijenge mjini: hospitali, umeme, barabara za lami ambazo faida yake kubwa ni ya wenye magari. Deni linalipwa kwa fedha za kigeni. Fedha hizo zinatoka wapi? Kwenye mazao ya shambani. Basi anayelipa ni mkulima, na aliyenufaika zaidi si yeye. Anaonya waziwazi kwamba mji unaweza kuwa mnyonyaji wa kijiji. Hesabu hii haijachakaa hata kidogo. Chukua mradi wowote wa mkopo wa leo, uupitishe kwenye maswali hayohayo.

Kisha anahesabu saa. Mfanyakazi wa mshahara hufanya kazi kama saa 45 kwa wiki, wiki 48 au 50 kwa mwaka. Wanawake wa vijijini hufika saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, huku wanaume wengi wa huko wakiwa kama walio likizo nusu ya maisha yao. Kwa kiongozi wa mwaka 1967, kuyaandika hayo kwenye waraka wa chama ulikuwa ujasiri.

Sehemu ya tano ina masharti ya uongozi, nayo ni makavu kama sheria. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Zingatia tafsiri ya neno “kiongozi”: ni mtu pamoja na mke au mume wake. Mlango wa kuandikisha mali kwa jina la mwenza ulifungwa kwa sentensi moja.

Linapopwaya ni kwenye usimamizi. Waraka unakataza, lakini hauonyeshi nani atakagua, kwa utaratibu gani, wala mwananchi apeleke wapi malalamiko. Kila kitu kimewekwa mikononi mwa chama, na chama ndicho chenye viongozi hao. Ndiyo maana kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichorithi TANU, kilichofanyika Zanzibar Februari 1991 kilitosha kuyalegeza masharti. Sheria ya maadili ya viongozi wa umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atamke mali zake. Azimio lilimkataza kabisa kuwa na hisa au nyumba ya kupangisha. Tofauti hiyo ni kubwa.

Kasoro hiyohiyo ilionekana kwenye vijiji. Septemba 1967 Mwalimu aliandika kwamba watu waingie vijiji vya ujamaa, vya kuishi na kufanya kazi pamoja, kwa hiari. Mwaka 1973 ikawa amri, mwisho wa kuhamia ukiwa 1976, na watu wakaondolewa kwenye mashamba waliyoyajua udongo wake. Hakukuwa na chombo cha kumwambia mtoa amri asimame.

Kwa hiyo usilisome peke yake. Liambatanishe na kijitabu “Tujisahihishe” cha mwaka 1962, ambamo Mwalimu anakemea tabia ya kuipima hoja kwa kumtazama aliyeitoa. Kisha rudi kwenye orodha za Sehemu ya Kwanza na ya Pili, zitasomeka.