TAHADHARI: Seramu ya "vitamini C" inayotembezwa Mtwara mjini

Dada zangu wa Mtwara mjini na Mikindani, kuna kaka anazunguka saluni kwa saluni na seramu ya uso, na tangu hela za korosho zianze kuingia ndiyo kazidi. Chupa 25,000, ukibembeleza anashusha hadi 18,000. Jina simtaji, ila mzigo wake nimeushika mkononi.

Mdogo wangu kanunua. Chupa ni kioo kitupu, unaona hadi upande wa pili, kilichomo kina rangi ya chai ya rangi, na kwenye shingo ya chupa pameganda ukoko wa kahawia. Kumuuliza, akajibiwa, "Ikikolea hivyo ndiyo kali, dada." Uongo mtupu! Vitamini C halisi, ile askobiki asidi, ikiwa nzima haina rangi au ni njano kwa mbali. Mwanga, hewa na joto vinaiharibu, inageuka rangi ya chungwa kisha kahawia. Ndiyo maana wanaojua kazi huiweka kwenye chupa isiyopitisha mwanga. Huyu anashinda nayo juani Shangani, na joto letu mnalijua.

Tarehe ya kuisha imebandikwa stika. Nikaikwangua kwa ukucha: chini yake 2022.

Seramu hiyo pengine itakula hela yako na kukuwasha tu. Kinachonitisha ni kikopo anachotoa kama "nyongeza", hakina lebo, eti ukipaka siku 3 uso unang'aa. Vitamini C haina mbio hizo. Madoa hufifia taratibu, wiki nyingi, tena ukijikinga na jua. Krimu za kung'arisha fasta mara nyingi huwa na steroidi, haidrokwinoni (kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi) au zebaki, vyote marufuku kwenye vipodozi nchini. Steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba, zebaki hudhuru figo. Wajawazito msikisogelee.

Aliyekwishatumia hicho kikopo kwa muda mrefu amwone daktari kabla ya kukatisha ghafla, maana uso unaweza kulipuka zaidi. Malalamiko ya vipodozi tangu 2019 ni ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), si TFDA (iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa) tena. Nenda na chupa, stika usiibandue, na meseji ya muamala usiifute.

Ameaga anapanda Masasi, kisha Newala. Mwenye ndugu mwenye saluni huko ampigie leo.