Oksitosini kwenye zahanati za Liwale na Nanyumbu: sindano nzuri, friji ndiyo shida

Kwa bei na kasi, oksitosini, dawa ya kuzuia mama asitokwe na damu nyingi baada ya kujifungua, bado haijapata mpinzani. Uniti 10 kwenye msuli wa paja, ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka (papasa tumbo kwanza, pacha asije akawa bado ndani), na mfuko wa uzazi unakaza ndani ya dakika chache.

Udhaifu wake ni joto. Inataka nyuzi 2 hadi 8, na isigande. Ampuli inayolala juu ya meza siku baada ya siku inabaki na maji yale yale maangavu, ila nguvu inazidi kupungua. Damu ikiendelea kutoka, mkunga analaumiwa bure. Kwenye kibebeo cha baridi, isigusane na barafu.

Pasipo friji ya uhakika, afadhali kabetosini isiyoharibika kwa joto, sindano ya kazi hiyo hiyo, mikrogramu 100, inayovumilia nyuzi 30. Ni ya kuzuia tu: kamwe usianzishie uchungu.

Misoprosto, vidonge vitatu vya mikrogramu 200, ni akiba. Mama anaweza kutetemeka na kupata homa, na unyevu wa hewa unaviharibu vikitolewa kwenye pakiti mapema.