Kuhamia Amu: huduma ya "mlango kwa mlango" huishia wapi?

Wenye malori wa Malindi na Mombasa hutangaza kwamba wanahamisha vyombo "hadi Lamu, mlango kwa mlango". Neno la kuchunga hapo si mlango, ni Lamu. Kwa dereva, Lamu ni kaunti nzima. Hindi ni Lamu, Mokowe ni Lamu, na lori likishafika gati ya Mokowe yeye keshatimiza ahadi. Nyumba uliyopanga iko Amu, yaani mji wa Lamu wenyewe kisiwani, ng'ambo ya maji, na baina ya lori na kitanda chako pamebaki boti, ngazi mbili za gati, mahamali, punda na vichochoro visivyojua gari. Ndiyo maana huduma hii tunaipima kipande kwa kipande. Kipande cha kwanza, barabara, ni kizuri; cha pili, gati na boti, ni bahati nasibu; na cha tatu, gatini hadi chumbani, hakuna anayekiuza ila wenyeji.

Tuanze na barabara, maana haina mengi. Kutoka Malindi hadi Mokowe ni kama kilomita 220. Tangu lami ya Garsen, Witu hadi Lamu ikamilike, lori linaloondoka Malindi alfajiri hufika mchana, tofauti na zamani ambapo mvua moja iligeuza njia kuwa uji. Safiri mchana tu. Vizuizi vya polisi ni vingi, na wakati mwingine magari hufuatana kwa msafara wenye ulinzi. Dereva awe na orodha ya vyombo iliyoandikwa na kutiwa sahihi, nakala ya kitambulisho chako, na barua ya uhamisho wa kazi au mkataba wa nyumba. Bila orodha, askari anaweza kutaka kufungua kila boksi, na boksi lililofunguliwa njiani halifungwi tena vizuri. Usihame katika masika. Mwezi wa Mei ndio mbaya zaidi, na mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalionyesha jinsi maji ya Mto Tana yanavyoweza kuikata njia upande wa Gamba, lami au si lami. Kipande hiki tunakipa alama nne kwa tano. Wenye malori wanakijua.

Mokowe ndipo huduma nyingi zinapovunjika, na sababu karibu kila mara ni moja: aliyepanga safari alitazama saa ya ukutani, hakutazama mwezi. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kama saa sita kila upande, na kila siku huchelewa kwa dakika hamsini hivi. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kabisa kama saa nne asubuhi. Sasa fikiria lori lililolala Witu likafika Mokowe saa nne siku ya bamvua. Boti iko chini kabisa ya gati, ngazi za chini zimeota mwani unaoteleza, na friji lako linashushwa na watu wawili wasioona wanapokanyaga. Friji halivunjiki barabarani, huvunjikia hapo.

Dawa ni rahisi na haina gharama. Chagua siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Siku hizo maji hujaa katikati ya asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali, kwa hiyo boti haishuki sana. Kama lazima uhame siku za bamvua, lori lifike saa nane mchana na upakiaji uanze hapo, maji yakipanda. Mwulize mwenye huduma swali moja kabla ya kutoa arbuni: "Siku hiyo maji yatajaa saa ngapi?" Akikujibu kwamba maji si kazi yake, basi kazi yake inaishia Mokowe na bei iwe ya Mokowe.

Boti nazo si sawa. Boti za fiba za abiria ni nyembamba, zinafaa masanduku na mabegi. Kwa friji, jiko na magodoro kodi mashua ya mizigo, na uikodi nzima. Ukichanganya mzigo wako na saruji ya mtu na kreti za soda, utashusha kwa zamu ya wengine. Kabla ya kupakia, tandika mbao au plaiwudi chini, kwa sababu maji yaliyotuama ngamani, chini kabisa ya chombo, hayakosekani hata kwenye chombo kizima. Godoro lifungwe nailoni mbili na kuwekwa juu kabisa. Godoro lililoingia maji ya bahari halikauki kamwe: chumvi iliyobaki ndani huvuta unyevu wa hewa kila usiku, na baada ya wiki mbili linanuka. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi hurusha maji juu ya ubavu wa chombo, kwa hiyo turubai si anasa. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ni nafuu zaidi kwa wahamaji, ila tu Desemba nyumba huwa adimu na bei hupanda.

Mwambie nahodha mapema unashukia wapi. Ukanda wa mbele ya mji ni mrefu, na anayepanga Langoni akishushwa upande wa Mkomani atalipa mahamali mara mbili. Mahamali wa Amu ni mafundi, hilo halina ubishi, lakini bei ikubaliwe kabla mzigo haujaguswa, na itajwe kwa vyombo vyote hadi ndani ya chumba, ghorofa ikitajwa. "Hadi nyumbani" kwa lugha ya gatini ni hadi dakani, kibaraza cha mlangoni. Ngazi ni mazungumzo mengine.

Punda apewe maboksi, magunia na ndoo, mzigo ulingane kwenye shogi, mifuko ya mgongoni mwake, pande zote mbili. Asipewe friji wala meza. Mzigo ukimlemea upande mmoja humkwaruza mgongo na kumtia kidonda, na mji huu una hospitali ya punda tangu 1987, kwa hiyo visingizio vimekwisha. Mkokoteni wa mkono ni bora kwa Usita wa Mui, njia kuu ya mjini, na njia za mbele. Ukiingia mitaa ya ndani, kuna vichochoro visivyofika mita moja na nusu, vyenye kona kali na mifereji katikati. Pita na futi ya kupimia kabla ya siku ya kuhama. Pima kona, mlango wa daka, na mzunguko wa ngazi.

Nyumba zenyewe zina sheria yao. Vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, kwa kawaida si zaidi ya mita tatu hivi. Kitanda cha sita kwa sita kikiingia, kinaacha njia ya mtu mmoja kwa ubavu. Kabati la milango mitatu haliingii hata kwa dua, labda livunjwe. Ushauri wetu, na hapa tunawakosesha wenye malori pato, ni kuuza fanicha Malindi na kuleta friji, jiko, magodoro na kompyuta tu. Vitanda na meza watakutengenezea maseremala wa Amu, kwa kipimo cha chumba chako, na mbao zao hazibanduki kwa unyevu kama zile za unga uliogandishwa. Vioo na vyombo vya udongo vifungwe kwa nguo zako mwenyewe. Makaratasi hunyonya unyevu. Friji likilazwa njiani, lisimamishwe saa ishirini na nne kabla ya kuwashwa, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Mahamali watakwambia liko sawa. Wao hawalipi fundi.

Kabla ya yote hayo, ikague nyumba kwa mambo ambayo dalali hayataji. Maji kwanza. Maji matamu ya mji hutoka hasa kwenye vilima vya mchanga vya Shela, na visima vingi vya mjini vina chumvi. Fungua bomba, sugua sabuni: isipotoa povu, maji ni ya kisima chenye chumvi, na hita au mashine ya kufulia itaota magadi kwenye waya wake wa moto na kufa mapema. Uliza tangi liko wapi. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja. Likiwekwa katikati ya dari ya boriti, dari italegea. Lazima likae juu ya ukuta mnene au kwenye nguzo zake. Birika la zamani, yaani tangi la kujengwa la kuwekea maji, likiwa na maji, angalia kama lina samaki. Wazee waliwafuga humo ili wawale mabuu wa mbu, na mpaka leo hakuna dawa iliyo rahisi kuliko hiyo.

Kuta zenye mabaka meupe yanayomenyeka ni ishara kwamba mtu alipiga saruji juu ya matumbawe. Jiwe la matumbawe hupumua kupitia chokaa. Saruji huziba, chumvi hujikusanya nyuma yake, na plasta huanguka vipande vipande. Usikubali kulipia marekebisho hayo. Na usitoboe ukuta wala kubadili mlango kwa shauri la mwenye nyumba peke yake. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na mabadiliko ya jengo hupitia ofisi ya uhifadhi ya makumbusho.

Wanaofanya kazi kwa kompyuta watashangazwa na kuta hizo hizo. Unene wake ni karibu nusu mita, na wimbi la simu linafia hapo. Utaona mtandao mzuri juu ya dari na sifuri chumbani. Weka ruta juu, chini ya makuti, kisha shusha kebo hadi mezani. Usitegemee waifai ipenye sakafu mbili. Umeme wa gridi ya taifa upo, lakini hukatika na hurudi kwa mshtuko. Betri ya volti 12, saa-ampea 100, ya risasi, ikitumiwa nusu ili isiharibike, hutoa kama wati-saa 600. Ruta na kompyuta ndogo kwa pamoja hula kama wati 60 hadi 70, kwa hiyo una saa nane hivi ukitoa kinachopotea kwenye inveta. Hiyo ni siku nzima ya kazi. Viungio vya betri vipake grisi, la sivyo hewa ya chumvi itavigeuza kijani ndani ya miezi michache.

Aliyeajiriwa bandari mpya ya Kililana, iliyofungua gati lake la kwanza Mei 2021, au kwenye ofisi za kaunti zilizoko Mokowe, afikirie mara mbili kupanga Amu. Atavuka maji kwenda na kurudi kila siku, mvua na kusi, na nauli hiyo haimo kwenye kodi ya nyumba. Mokowe si pazuri kwa macho, lakini lori linafika mlangoni.

Kuhusu malipo: gawa mara tatu. Theluthi lori likipakiwa Malindi, theluthi vyombo vikiwa ndani ya mashua, theluthi ya mwisho vikiwa chumbani na friji limesimama wima. Andikisha kwenye karatasi "Amu, mtaa fulani, ghorofa fulani", si "Lamu". Mwenye lori anayekataa kuandika hivyo apewe bei ya Mokowe, nawe umtafute nahodha wako mwenyewe.